Sanaa ya China Haikusubiri Jicho la Mgeni

Kuna simulizi kuhusu elimu ya sanaa za China ambayo imerudiwa mara nyingi hata haihojiwi tena. Inasema kwamba Wachina walikuwa na wachoraji, wafinyanzi na wachongaji hodari kwa maelfu ya miaka, ila elimu ya sanaa hawakuwa nayo. Walikuwa na matajiri waliokusanya vitu vya kale na washairi waliosifu michoro ya rafiki zao, basi. Historia ya sanaa yenyewe, yenye vipindi, mitindo na hoja, ililetwa kutoka nje. Aliileta Stephen Bushell, daktari wa ubalozi wa Uingereza mjini Beijing, aliyetoa kitabu chake cha sanaa za China kati ya 1904 na 1906. Akafuata Mmarekani Ernest Fenollosa, ambaye kitabu chake kilichapishwa 1912 akiwa ameshafariki. Wakaja Wajapani Okakura Kakuzo na Omura Seigai, kisha Osvald Sirén wa Stockholm. Wachina, kwa mujibu wa simulizi hii, walikuja nyuma wakitafsiri na kunakili. Wanahistoria wao, waliozama katika vitabu vya kale, mchango wao ulikuwa kuigeuza kazi ya sanaa kuwa karatasi ya ushahidi na kuiua.

Naipinga simulizi hii kuanzia mwanzo hadi mwisho wake. Uti wa mgongo wa elimu ya sanaa za China tunayoisoma leo ulijengwa na wanahistoria wa China katika karne ya 20, kwa kanuni yao wenyewe ya ushahidi: kitu kipimwe kwa maandishi, na maandishi yapimwe kwa kitu. Kanuni hiyo ndiyo iliyotengua makosa makubwa ya waliotegemea jicho peke yake, na ndiyo iliyowarudishia watu kazi za sanaa zilizokuwa zimefukiwa na majivuno ya wasomi wa zamani.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Upande wa pili una ukweli wake, nami siufichi. Vitabu vya kiada vya mwanzo vya historia ya uchoraji nchini China vilitegemea sana kitabu cha Wajapani wawili, Nakamura Fusetsu na Oga Seiun, kilichotoka 1913. Mihadhara ya mchoraji Chen Shizeng, iliyochapishwa 1925 baada ya kifo chake, imefuata mpangilio wa kitabu hicho, na kitabu cha Pan Tianshou cha 1926 nacho kimechota humo humo. Hata Liang Qichao, aliyeandika mwito wake wa historia mpya mwaka 1902, aliuandika akiwa uhamishoni Japani na alisoma mengi huko. Hayo hayana ubishi.

Lakini kitabu cha kiada hupanga yale ambayo tayari yanadhaniwa kujulikana. Taaluma huonekana pale swali linapozuka ambalo kitabu hakina jibu lake: jengo hili ni la mwaka gani, mchoro huu kweli ni wa huyu, ukoo huu wa wachoraji uliwahi kuwapo? Atakayetaka kujua nani alijenga taaluma atazame nani aliyajibu maswali hayo, na alitumia nini kuyajibu.

Tuanze na msingi waliourithi. Mwaka 847 Zhang Yanyuan alikamilisha kitabu kuhusu wachoraji mashuhuri wa enzi zote hadi zama zake, chenye habari za maisha yao, madaraja yao, mihuri ya wakusanyaji na michoro ya kuta za mahekalu. Mwaka 1092 Lü Dalin alitunga katalogi ya vyombo vya kale zaidi ya 200. Ukiifungua unakuta kila chombo kimechorwa, maandishi yake yamenakiliwa, kisha yanafuata vipimo vya urefu na ujazo, uzito, mahali kilipopatikana pale palipojulikana, na jina la aliyekimiliki. Majina mengi ya aina za vyombo vya bronzi yaliyothibitishwa na wasomi wa enzi ya Song yanatumika katika makumbusho hadi leo, na mwanahistoria Wang Guowei ndiye aliyewakumbusha wasomi wa karne ya 20 deni hilo. Mwaka 1786 ofisa Huang Yi alifukua mawe yaliyochongwa picha ya ukoo wa Wu huko Jiaxiang, mkoa wa Shandong, akachangisha fedha na kuyajengea nyumba ya kuyalinda. Mfaransa Édouard Chavannes alichapisha kitabu chake juu ya michongo ya mawe ya enzi ya Han mwaka 1893, zaidi ya miaka 100 baadaye, akisimama juu ya kazi ya Huang Yi na wenzake.

Urithi huo ulikuwa na kasoro mbili. Ulithamini zaidi chombo chenye maandishi kuliko kisicho nayo, na uliwadharau mafundi. Mchongaji wa sanamu za hekalu, seremala na mfinyanzi hawakuwa na nafasi katika vitabu vya mabwana wasomi. Hapa ndipo historia mpya ilipoleta mapinduzi, na yalitoka ndani ya fani ya historia. Liang Qichao alishutumu historia iliyokuwa nasaba za wafalme tu, akataka historia ya watu. Katika kitabu chake cha mbinu za utafiti cha 1922 aliweka majengo, vyombo na mabaki ya kale katika safu moja na vitabu kama vyanzo vya historia. Kijana Teng Gu, aliyetoa kitabu kifupi cha historia ya sanaa za China mwaka 1926, alikuwa miongoni mwa waliopata moyo kutoka kwake. Na katika nyumba ya Liang Qichao mwenyewe, mwana mmoja, Liang Sicheng, akawa mwanahistoria wa majengo, na mwingine, Liang Siyong, akawa mwanaakiolojia. Mchoraji Chen Shizeng niliyemtaja juu alikuwa kaka yake Chen Yinke, mmoja wa wanahistoria wakubwa kuliko wote wa China ya karne ile. Historia na sanaa zililala chini ya paa moja.

Kanuni yenyewe aliitamka Wang Guowei mwaka 1925 katika mihadhara yake ya Tsinghua: andiko lililo juu ya ardhi lipimwe kwa kitu kilichotoka chini ya ardhi, na kinyume chake. Hakuitunga hewani. Mifupa ya ramli ya enzi ya Shang ilitambuliwa 1899, na mwaka 1917 Wang alilinganisha majina yaliyochongwa juu yake na orodha ya wafalme iliyoachwa na mwanahistoria wa kale Sima Qian karibu miaka elfu moja baada ya Shang, akaonyesha kwamba orodha ile, ukiacha makosa machache, ilikuwa kweli. Kwa mara ya kwanza vyombo vya bronzi vya Shang vikawa na wafalme halisi wa kuvipa tarehe.

Nitaonyesha kanuni hii ikifanya kazi, na naomba msomaji aitazame kwa karibu, maana hapo ndipo simulizi ninayoipinga inapovunjika.

Katika miaka ya 1920 na 1930 wasomi wa Kijapani walishikilia kwamba hakuna jengo la mbao la enzi ya Tang lililosalia nchini China, na kwamba anayetaka kuona mbao za zama hizo sharti aende Nara, Japani. Liang Sicheng hakuamini. Baba yake alikuwa amempelekea Marekani, alipokuwa mwanafunzi, nakala ya kanuni za ujenzi za mwaka 1103, kitabu ambacho Zhu Qiqian alikikuta maktabani Nanjing mwaka 1919 na kukichapisha upya. Tangu 1931 Liang alikuwa akifanya kazi katika jumuiya ya utafiti wa majengo aliyoianzisha Zhu, akilinganisha kitabu na majengo, boriti kwa boriti. Kisha akaona katika picha za mapango ya Dunhuang zilizochapishwa na Paul Pelliot mchoro mkubwa wa ukutani wa karne ya 10 unaoonyesha milima ya Wutai, na ndani yake hekalu lililoandikwa jina: Foguang. Mchoro ukageuka ramani. Katikati ya mwaka 1937, yeye, mkewe Lin Huiyin na wenzao wawili walifika hapo kwa nyumbu.

Jumba lilikuwa limesimama. Umbo la vichwa vya nguzo na mihimili yake mikubwa lilimwambia Liang kwamba hili ni la Tang, na mwenye kutegemea mtindo angeishia hapo na kuandika makala yake. Wao hawakuishia hapo. Walipanda darini kwenye giza, vumbi na popo wengi, wakapima na kupiga picha kwa siku kadhaa. Ndipo Lin Huiyin, mwenye macho ya kuona mbali, alipogundua akiwa chini maandishi hafifu ya wino kwenye boriti. Waliiosha boriti, na maneno yakajitokeza kidogo kidogo: majina ya maofisa, na jina la mwanamke aliyetoa fedha za ujenzi, Ning Gongyu. Lin akakumbuka kuliona jina kama hilo nje, kwenye nguzo ya jiwe iliyo mbele ya jumba. Wakatoka kuhakikisha. Jina lilikuwapo, na nguzo ilikuwa na tarehe inayolingana na mwaka 857.

Hivyo ndivyo dai la Wajapani lilivyoanguka, kwa jina moja la mwanamke lililopatikana mahali pawili. Jicho la Liang lilikuwa sahihi, lakini jicho peke yake lingebaki dai dhidi ya dai. Kilichomaliza ubishi ni andiko kwenye mti na andiko kwenye jiwe kusema jambo moja. Siku chache baadaye walipata habari kwamba Japani imeishambulia China. Ugunduzi ule ulifanywa ukingoni mwa vita, na watu walioambiwa kwamba hawajui kuchunguza sanaa yao wenyewe.

Mfano wa pili unahusu uchoraji, na ndio unaojibu vizuri shutuma kwamba historia huua sanaa. Kwa miaka zaidi ya 300, uchoraji wa milima na maji ulitazamwa kupitia nadharia ya Dong Qichang, aliyeishi 1555 hadi 1636. Aliwagawa wachoraji wote katika shule mbili, Kusini na Kaskazini. Kusini kulikuwa na waungwana wasomi, na mkuu wao alikuwa Wang Wei wa enzi ya Tang. Kaskazini kulikuwa na mafundi na watu wa chuo cha kifalme, ambao kazi zao zilihesabiwa ngumu na zisizo na roho. Ma Yuan na Xia Gui, wachoraji wawili wakubwa wa Song ya Kusini, walitupwa upande wa waliodharauliwa. Nadharia hii iliaminiwa kana kwamba ni historia, na wageni wengi walioandika juu ya sanaa za China waliichukua kama ilivyo.

Nani aliivunja? Aliivunja mwanahistoria Tong Shuye, msaidizi wa Gu Jiegang, katika makala ya 1936. Gu alikuwa ameonyesha mwaka 1923 kwamba ngano za wafalme wa kale wa China zimejengwa tabaka juu ya tabaka: kadiri zama zinavyokuwa za baadaye, ndivyo mfalme anayesimuliwa anavyokuwa wa kale zaidi na mkubwa zaidi. Tong aliichukua mbinu hiyo na kuipeleka kwa Wang Wei. Akasoma vitabu kwa mfuatano wa tarehe zake. Vitabu vya Tang vinampa Wang Wei heshima, lakini mchoraji Wu Daozi ndiye anayewekwa daraja la juu kabisa. Katika enzi ya Song, mshairi Su Shi anamsifu Wang Wei kuliko Wu. Ila ule ukoo wenye mwasisi na warithi, uliogawanyika tangu Tang kuwa Kusini na Kaskazini, hauonekani popote hadi mwishoni mwa enzi ya Ming. Dong Qichang na wenzake waliubuni. Miaka michache baadaye Qi Gong, aliyelelewa kitaaluma na mwanahistoria Chen Yuan, alifika kwenye hitimisho hilo hilo kwa njia yake.

Tazama matokeo yake. Ukoo ule wa kubuni ulipoondolewa, watu waliweza kumtazama Ma Yuan tena: mwamba wake uliokatwa kwa mapigo makali ya brashi, ukungu unaomeza nusu ya mchoro, msonobari uliopinda pembeni. Hapo kabla, msomi aliyefunzwa na Dong aliona kwanza daraja la mchoraji, kisha mchoro. Nani basi aliyeua sanaa, na nani aliyeifufua? Waungwana waliojisifu kwa jicho la ladha waliifungia mlango nusu ya urithi wao, na mwanahistoria mwenye rundo la vitabu na tarehe akaufungua.

Gu Jiegang mwenyewe aliwatetea mafundi kwa njia nyingine. Katika hekalu la Baosheng, mji mdogo wa Luzhi karibu na Suzhou, kulikuwa na sanamu za udongo zilizosimuliwa kuwa kazi ya Yang Huizhi wa enzi ya Tang, ndani ya jumba lililokuwa likibomoka. Mwaka 1923 Gu aliandika magazetini kutaka ziokolewe. Omura Seigai alifika kuziona 1926, naye akaziandikia kitabu kilichozipa umaarufu. Simulizi ya kawaida humtaja Omura kwanza. Miaka mitatu ya kelele za Gu haitajwi.

Najua silaha kali ya wapinzani wangu, nami nitaileta mwenyewe. Ni Max Loehr. Mwaka 1953 Loehr, Mjerumani aliyekuwa akifundisha Marekani, alipanga mapambo ya vyombo vya bronzi vya Anyang, mji mkuu wa mwisho wa Shang, katika mitindo mitano inayofuatana, kutoka mistari myembamba hadi nakshi zilizoinuka juu ya uso wa chombo. Alifanya hivyo kwa mantiki ya mtindo, na alikuwa sahihi pale ambapo Bernhard Karlgren wa Sweden, aliyepanga mambo kinyume, alikuwa amekosea. Wenye simulizi husema: hilo ndilo jicho la Ulaya, limeshinda bila koleo wala andiko.

Limeshinda, lakini tuulize, tulijuaje kwamba limeshinda? Hoja ya Loehr ilibaki kuwa dhana nzuri mpaka udongo ulipozungumza. Taasisi ya Historia na Filolojia ya Academia Sinica, chini ya Fu Sinian, ilikuwa imeanza kuchimba Anyang tangu mwaka 1928, na hadi 1937 ilikuwa imefanya misimu 15. Li Ji alisimamia kazi kwa kusoma tabaka za udongo, na Liang Siyong akaongoza uchimbaji wa makaburi ya wafalme. Humo zilitoka sanamu za marumaru za bundi na za kiumbe mwenye kichwa cha simbamarara, mambo ambayo hakuna aliyekuwa akiyatarajia kwa watu wa Shang. Baadaye Zhengzhou ilitoa vyombo vya kale zaidi vyenye mitindo ile ya mwanzo, katika tabaka za chini kama Loehr alivyotabiri. Kisha mwaka 1976 Zheng Zhenxiang alifukua kaburi la Fu Hao, ambalo wezi hawakuwahi kuligusa. Lilikuwa na vyombo na zana za bronzi zaidi ya 460 na vitu vya jade zaidi ya 700, na jina la Fu Hao limechongwa kwenye vyombo vingi. Mifupa ya ramli ilikuwa imeshatuambia yeye ni nani: mke wa mfalme Wu Ding, mwongoza majeshi, mwanamke aliyepigiwa ramli kuhusu uzazi wake. Kwa hiyo nakshi nene na za kifahari kabisa zikapata zama zake, yapata 1200 kabla ya Kristo. Hakuna uchambuzi wa mtindo ambao ungeweza kutoa uhakika huo. Loehr ana heshima ya kubashiri vizuri. Heshima ya kujua ni ya waliochimba na kusoma.

Karlgren naye, alipogawa vyombo vya Yin, yaani Shang, na vya Zhou mwaka 1936, alitegemea sana usomaji wa maandishi uliofanywa na wasomi wa China, Guo Moruo akiwamo. Guo, akiwa mkimbizi Japani, alikuwa amekusanya maandishi ya bronzi ya enzi ya Zhou, akateua vyombo vinavyotaja wafalme na matukio yanayojulikana, akavifanya vigezo, kisha akavipanga vingine kuzunguka hivyo kwa umbo na nakshi, hata akapata vipindi vinne. Guo alikiri wazi kwamba alijifunza mengi kuhusu jicho la akiolojia kwa kutafsiri kitabu cha Mjerumani Adolf Michaelis. Sawa. Lakini Michaelis aliandika juu ya Wagiriki na Warumi. Vigezo vya Guo vilitoka kwenye matumbo ya vyombo vya Kichina, katika herufi ambazo wasomi wa Kichina walikuwa wamezisoma tangu enzi ya Song. Mitindo iliweza kupewa miaka kwa sababu maandishi yalikuwa yameshasomwa.

Mfano wangu wa mwisho ni Yungang, karibu na Datong, ambako mtawa Tanyao alianza kuchonga mapango ya Kibudha yapata mwaka 460. Wakati wa uvamizi, kuanzia 1938 hadi 1944, Mizuno Seiichi na Nagahiro Toshio waliyapima na kuyapiga picha kwa bidii ya ajabu. Juzuu zao 16, zilizotoka 1951 hadi 1956, ni kazi kubwa na bado zinahitajika. Kama taaluma ingekuwa vipimo, picha na jicho lililofunzwa, Yungang ingekuwa imekwisha.

Lakini mwaka 1947 kijana Su Bai, akipanga vitabu katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Peking, alikuta nakala ya maandishi ya jiwe la kumbukumbu la mwaka 1147, linalosimulia historia ya mahekalu ya Yungang. Jiwe lenyewe limepotea. Aliyachapisha pamoja na ufafanuzi mwaka 1956, na 1978 akatoa mpangilio wake wa vipindi vya mapango, uliotofautiana na ule wa Wajapani. Kwa mfano, mapango ya 9 na 10 aliyafunga kwenye miaka 484 hadi 489. Nagahiro alijibu mwaka 1980, akitilia shaka hata andiko lenyewe. Su Bai akarudi 1982, akaonyesha kwa utulivu kwa nini andiko ni la kweli, linakubaliana wapi na vitabu vingine, na mapango yanasema nini yakilinganishwa nalo. Baadaye Nagahiro, kwa uungwana wa msomi wa kweli, alikubali kwamba katika upande wa maandishi Su Bai alikuwa na haki. Hakuna aliyeshinda kwa kamera. Aliyeshinda ni aliyejua kuweka ukurasa na pango mbele ya macho kwa wakati mmoja.

Kazi hii ilitufikia hadi pwani yetu ya Afrika Mashariki. Mwaka 1928 Chen Wanli, daktari na mpiga picha, alianza kwenda kwa miguu kwenye magofu ya matanuri ya Longquan, mkoa wa Zhejiang. Wakusanyaji wa wakati wake walikaa na bakuli zao Beijing wakibishana kuhusu rangi. Chen alikwenda kuokota vigae palipochomwa kauri, tanuri kwa tanuri, akalinganisha na vitabu vya kale vya wilaya. Kutoka hapo ilianza elimu ya kisasa ya kauri za China. Kauri za kijani za Longquan zimetapakaa Gedi, Kilwa na Mambrui. Kauri za China zilikuwa miongoni mwa vitu vilivyowasaidia James Kirkman kule Gedi na Neville Chittick kule Kilwa kukadiria umri wa miji yetu. Na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Peking walipochimba Mambrui pamoja na Makumbusho ya Taifa ya Kenya kuanzia 2010, walikuja na elimu ya matanuri ambayo mzizi wake ni safari zile za Chen. Umri wa ukuta wa Mswahili umesomwa kwa msaada wa kigae kilichopewa tarehe na njia hii ninayoitetea.

Mtu ataniambia: hao wote walisoma ng'ambo. Li Ji alipata shahada yake Harvard, Liang Sicheng alisoma Pennsylvania, Teng Gu alipata udaktari Berlin mwaka 1932, Fu Sinian alikaa London na Berlin. Ni kweli, na hakuna taaluma yoyote duniani iliyokua bila kuazima. Lakini ukisema aliyesoma Berlin kazi yake ni ya Berlin, itakubidi useme pia kwamba Karlgren, aliyesimama juu ya usomaji wa Guo, kazi yake ni ya Guo. Teng Gu huletwa kila mara kama ushahidi kwamba mtindo wa Kijerumani ndio uliookoa historia ya uchoraji wa China. Mfuateni Teng Gu hadi mwisho. Aliporudi nyumbani aliingia katika kamati ya kuhifadhi mambo ya kale, akaenda kukagua michongo ya mawe kwenye kaburi la jemadari Huo Qubing na mawe ya picha ya Nanyang. Hakuliacha jicho alilofunzwa Berlin, ila alilipeleka shambani na mbele ya maandishi, kama wenzake.

Mwingine ataniambia kwamba wanahistoria hao pia walitumia mamlaka yao vibaya. Hilo nalo ni kweli. Mwaka 1965 Guo Moruo, akiwa na cheo kikubwa serikalini, alidai kwamba dibaji mashuhuri ya Lanting ya mwaka 353 si mwandiko wa bingwa wa khati Wang Xizhi, kwa sababu mawe ya makaburi ya zama hizo yaliyofukuliwa Nanjing yana herufi za mraba zisizofanana na mwandiko ule laini. Gao Ershi alimjibu, na jibu lake liliweza kuchapishwa baada tu ya Mao kuruhusu. Guo alikosea kupima patasi ya jiwe la kaburi na brashi ya barua kwa kipimo kimoja, na uzito wa cheo chake uliwanyamazisha wengi. Lakini angalieni kosa hilo linasahihishwa kwa nini. Linasahihishwa kwa ushahidi zaidi: mawe zaidi, hati zaidi, maandishi ya wino ya zama hizo hizo. Kanuni iliyomhukumu Guo ni ile ile aliyoitumia.

Simulizi ninayoipinga ina madhara, ndiyo maana sikuiacha ipite. Mwanafunzi anayefundishwa kwamba elimu ya sanaa ya China ni zawadi ya wageni hujifunza kutazama mtindo na kuruka andiko. Hataona sababu ya kujua herufi za bronzi, wala ya kupanda darini mwa hekalu, wala ya kutafuta nakala iliyosahaulika maktabani. Atakuwa na jicho zuri na hatakuwa na njia ya kujua lini limekosea. Katika somo ambalo vitu bandia vimejaa sokoni na koo za wachoraji zilibuniwa na watu wenye maslahi, mwanafunzi wa namna hiyo ni windo rahisi.

Kwa hiyo nawaomba walimu, waandishi wa vitabu na watunza makumbusho wabadilishe mpangilio wa hadithi. Bushell, Fenollosa, Omura na Loehr wabaki na nafasi yao ya heshima kama wageni waliokuja na maswali mazuri. Mstari mkuu uanzie kwa Lü Dalin na Huang Yi, upite kwa Liang Qichao, Wang Guowei na Gu Jiegang, ufike kwa Lin Huiyin, Tong Shuye, Li Ji, Chen Wanli, Zheng Zhenxiang na Su Bai. Hao ndio waliojibu maswali magumu na kuacha majibu yanayoweza kukaguliwa na mtu yeyote, wa taifa lolote, atakayekwenda na kitabu mkono mmoja na kupima kitu kwa mkono wa pili. Taaluma ni mali ya waliofanya kazi hiyo, na jina lao liandikwe juu yake.